Boila la mvuke linalojaa kupita alama: tafuta maji yanapoingilia

Nyumba nyingi za zamani za kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Philadelphia na New York hadi Worcester, Lowell na Portland ya Maine, bado zinapata joto kwa mvuke. Boila limekaa besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, bomba nene linatoka kichwani mwake, na vyumbani kuna radieta nzito za chuma cha kusubu, kila moja ikiwa na kipumulio kidogo cha kutolea hewa ubavuni. Waliohamia huko kutoka kwetu huukuta mfumo huu na mara nyingi hakuna wa kuwaeleza.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba radieta hizi hazikai na maji. Maji yanakaa chini, ndani ya boila, na kiasi chake kinaonekana kwenye kioo kirefu kilicho ubavuni mwa boila. Mahali pake ni katikati ya kioo, au kwenye alama ya mtengenezaji. Kinachopanda vyumbani ni mvuke. Ukishapoa unageuka maji na kuteremka kurudi boilani. Kwa hiyo kioo kikijaa hadi juu, habari ni mbili tu. Ama kuna maji mapya yanaingia wakati hayatakiwi, ama maji yaliyotoka kama mvuke yamechelewa, yakarudi na kukuta nafasi yao imeshajazwa. Kosa linalogharimu watu wengi ni kununua fida mpya, yaani kile kifaa kinachoongeza maji chenyewe, kabla ya kujua wako kwenye habari ipi. Fida husingiziwa kuliko kifaa kingine chochote besimenti.

Dalili zinajulikana. Mabomba yanagonga kama mtu anayapiga nyundo, vipumulio vinatema maji, radieta zinapoa nusu, kichomeo kinawaka na kuzimika kila dakika chache. Hali ikizidi, maji yanadondoka kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza kupitia vipumulio, na watu wanadhani bomba limepasuka. Usingoje vali ya usalama ikuonye. Hiyo hufunguka kwa pauni 15 za presha kwa inchi ya mraba, na kila pauni 1 hubeba maji inchi 28 kwenda juu. Maana yake maji yangepaswa kupanda zaidi ya futi 34 juu ya boila ndipo vali ifunguke, na kabla ya hapo yatakuwa yameshamwagika sebuleni. Presha ya bomba la mjini, ambayo mara nyingi ni pauni 40 hadi 60, inatosha kabisa kuyafikisha hata ghorofa ya tatu.

Hesabu hiyo hiyo inakupa kipimo cha haraka. Boila likiwa limepoa kabisa, mshale wa presha unatakiwa ulale kwenye sifuri. Ukiona umesimama kwenye 3, kuna nguzo ya maji ya karibu futi 7 juu ya boila, na bomba kuu la mvuke limejaa. Saa za presha za nyumbani si za kuaminika sana kwenye namba ndogo, lakini 3 si 0.

Kabla ya kugusa chochote

Zima boila kwa swichi ya dharura, ile yenye kibao chekundu, ambayo kwa kawaida iko juu ya ngazi za besimenti. Liache lipoe saa kadhaa. Maji ya boila la mvuke yakitoka yakiwa moto yanababua ngozi mara moja. Mambo ya gesi na ya kichomeo mwachie fundi mwenye leseni. Kwenye majimbo mengi hata kazi ya bomba la maji la boila inahitaji kibali, ila kumwaga maji, kufunga vali na kutazama kioo hakuhitaji fundi.

Kama umepanga, kazi yako ni kuangalia na kutoa taarifa kwa maandishi. Boila ni la mwenye nyumba. Katika jiji la New York sheria inamtaka atoe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31: mchana, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, chumba kisipungue nyuzi 68 za Fahrenheit nje kukiwa chini ya 55, na usiku kisipungue 62. Akikaa kimya, unapiga 311, namba ya malalamiko ya jiji.

Onyo moja linahusu kinyume cha kujaa. Ukijisahau ukamwaga hadi kioo kikawa kitupu na boila likawa bado moto, usiongeze maji. Maji baridi yakigusa chuma cha kusubu chenye moto, chuma kinapasuka, na hapo unanunua boila zima. Subiri lipoe.

Shusha maji, kisha hakikisha kioo hakikudanganyi

Funga mpira wa bustani kwenye koki ya kumwagia iliyo chini ya boila, upeleke mwisho wake kwenye shimo la maji au kwenye ndoo. Ukimwaga kwa ndoo, hesabu. Zikitoka galoni 2 au 3 maji yakashuka hadi katikati ya kioo, tatizo ni la kiasi. Zikitoka 15 au 20, mabomba ya mvuke yalikuwa yamejaa, na vipumulio vyote vitahitaji kukaguliwa baadaye.

Wakati unamwaga, fanya kipimo ambacho kitakusaidia kazi yote iliyobaki. Maji yakiwa katikati ya kioo, weka alama kwa kalamu ya wino, mwaga hadi yashuke inchi 1 kamili, na pima ulichotoa. Kwenye boila dogo la nyumbani mara nyingi itakuwa karibu na galoni 1, lakini namba ya boila lako ndiyo yenye maana. Iandike ukutani.

Sasa kioo chenyewe. Kina vali mbili, moja juu na moja chini, na kikoki kidogo cha kukimwagia. Fungua kikoki hicho kidogo: maji yatoke, na ukikifunga yarudi haraka hadi kwenye usawa wake. Yakirudi polepole au yasiporudi, njia ya chini imezibwa na tope. Vali ya juu nayo ikiwa imefungwa au imeziba, mvuke unasukuma maji kutokea chini bila kitu cha kuyazuia juu, na kioo kinaonekana kimejaa wakati boila halijajaa. Yapo maboila yaliyomwagwa maji miezi mitatu mfululizo kwa ajili ya vali ndogo iliyofungwa na mtu aliyekuwa anafuta vumbi. Fungua zote mbili, toa kioo, safisha kwa brashi nyembamba, rudisha na raba mpya.

Jaribio la usiku mmoja

Hapa ndipo habari mbili zinapoachana. Chagua usiku usio na baridi kali. Zima boila, kisha ngoja kwanza; maji ya mvuke uliopoa huendelea kurudi kwa muda wa hadi saa 1 baada ya moto kuzimika, na ukiweka alama mapema utaona maji yanapanda na kumshtaki asiyehusika. Subiri pia lipoe. Maji yakitoka nyuzi 100 za Selsiasi hadi 20 hupungua ujazo kwa asilimia 4 hivi, kiasi cha kuweza kushusha usawa karibu inchi 1. Ukipima wakati boila linapoa, uvujaji mdogo unaweza kufichwa kabisa na kupungua huko: kioo kinabaki palepale na wewe unasema hakuna kinachoingia.

Boila likishapoa, weka alama, andika saa, acha swichi nyekundu imezimwa kwa saa 8. Asubuhi tazama.

Yakipanda, kuna tundu la kweli. Maji yanapita mahali pasipofungika, bila umeme, bila amri ya kifaa chochote. Yasipopanda, rudia jaribio usiku unaofuata umeme ukiwa umewashwa lakini thamostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, imeshushwa hadi mwisho ili moto usiwake. Yakipanda usiku huu wa pili, fida inapewa amri ya uongo. Yasipopanda siku zote mbili, lakini boila likifanya kazi siku nzima kioo kinajaa, uko kwenye habari ya maji yanayochelewa kurudi.

Zidisha inchi zilizopanda kwa kile kipimo ulichoandika ukutani, upate ukubwa wa tundu. Tone 1 kwa sekunde ni karibu lita 20 kwa siku, yaani zaidi ya galoni 5. Kwenye boila la galoni 1 kwa inchi, hizo ni inchi 5 kwa siku, za kutosha kujaza kioo. Kwa hiyo usitafute maporomoko, tafuta tone.

Maji yanapopanda na boila limezimwa

Fuata bomba la maji baridi linaloingia boilani kutokea ukutani. Kwa kawaida linagawanyika mara mbili: tawi moja linapita kwenye fida, likiwa na vali kila upande, na tawi la pili linazunguka pembeni likiwa na vali ya mkono ya kujazia. Kama boila linapasha pia maji ya kuogea, kuna sahani ya chuma yenye bolti ubavuni mwa boila, na mabomba mawili yanaingia humo. Ndani yake kuna koili ya shaba iliyozama ndani ya maji ya boila. Njia za kuingilia ni hizo tatu: vali ya mkono, fida na koili.

Funga vali zote za maji yanayokwenda kwenye fida na kwenye tawi la pembeni, kisha rudia usiku. Yakiacha kupanda, mkosaji ni mmoja kati ya hizo mbili. Kumjua ni kazi ya dakika 10: vali zikiwa zimefungwa pande zote, fungua yunioni (kiungio cha bomba kinachofunguka) iliyo upande wa fida unaoelekea boilani, weka kipande cha karatasi ya chooni chini yake, kisha fungua vali ya upande wa mjini peke yake. Karatasi ikilowa na umeme umezimwa, fida haifungi. Karatasi ikibaki kavu, ni vali ya mkono.

Vali za mkono za zamani, zile zenye gurudumu la kuzungusha mara nyingi, ndizo zinazovuja kuliko fida. Zinafungwa kwa nguvu miaka 40, kisha uso wake unalika. Usizidi kuikaza, badilisha kwa vali ya robo mzunguko, ambayo mpini ukikaa kukingama na bomba unajua imefungwa. Vali zilizo pande mbili za fida nazo huwa za aina hiyo ya kale, na jaribio lako linaweza kudanganywa na vali ambayo umeifunga lakini haikufunga. Ukiona matokeo hayaeleweki, anza na kubadilisha hizo.

Fida za umeme huvuja kwa sababu ya punje ya kutu au mchanga iliyokaa kwenye kiti cha vali ya ndani. Safisha chujio lililo mbele yake kwanza. Zile zinazofunguka kwa bolti zinaweza kusafishwa, zisizofunguka hubadilishwa. Fida za kimakanika, kama McDonnell & Miller 47-2, zina boya ndani ya chungu cha chuma, na boya hilo linapotoboka na kunywa maji huzama. Likizama, fida inaamini boila ni tupu na inajaza bila kuacha, umeme uwepo usiwepo. Chungu kikijaa tope matokeo ni hayohayo, kwa sababu boya halinyanyuki.

Yakiendelea kupanda baada ya kufunga vali zote za kujazia, ni koili. Shaba imetoboka tundu la sindano. Ndani ya koili kuna presha ya mjini ya pauni 50, nje yake kuna boila lenye pauni 1 au 2, kwa hiyo maji yanaingia daima na hayatoki. Ndiyo maana hutaona maji ya kuogea yakiwa machafu, na ndiyo maana koili huchelewa kushukiwa. Kuthibitisha: boila likiwa baridi, funga maji yanayoingia kwenye koili na pia yanayotoka. Ukifunga upande mmoja tu, maji yanarudi kupitia upande wa moto, kwa njia ya vali ya kuchanganya moto na baridi. Kisha legeza presha ya kipande kilichofungwa, kama kuna koki yoyote ndogo kwenye mabomba hayo. Acha saa 8. Maji yakisimama, umempata.

Usiwashe boila koili ikiwa imefungwa pande zote na imejaa maji. Maji hayo yatapanuka yakiwa hayana pa kwenda, na kitakachopasuka kitakuwa bomba au sahani yenyewe.

Kubadilisha koili si kazi ngumu, bolti ndizo ngumu. Zimekaa kwenye chuma chenye joto miaka mingi na zinakatika zikilazimishwa. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza siku 2 kabla, zipashe joto, zirudishe nyuma na mbele kidogo kidogo. Weka gasketi mpya na bolti mpya, na kaza kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Wengi kwa gharama hiyo huona heri kuiacha koili na kufunga hita ya maji peke yake. Ukichagua njia hiyo, kata mabomba yote mawili ya koili na uyaache wazi upande wa koili, ikauke.

Fida inapopewa amri ya uongo

Swichi ya maji kidogo, ile inayozima moto maji yakipungua, ndiyo inayoiambia fida iongeze. Za kisasa zina kijiti cha chuma kilichozama majini. Umeme mdogo unapita kutoka kijitini, kupitia maji, hadi kwenye mwili wa boila. Kijiti kikifunikwa na utando wa kutu au mafuta, umeme haupiti, na swichi inasema hakuna maji huku maji yamekifunika. Dalili ni taa ya maji kidogo kuwaka wakati kioo kimejaa. Zima umeme, shusha maji chini ya kijiti, kifungue, kisugue kwa pamba ya chuma hadi king'ae. Ukikirudisha tumia dawa kidogo ya nyuzi za bomba, usitumie tepu nyeupe, kwa sababu kijiti kinahitaji mguso wa chuma kwa chuma na mwili wa boila. Angalia pia waya zake: terminali iliyolegea hutoa amri ileile ya uongo.

Swichi za boya, kama McDonnell & Miller 67, zinatakiwa kumwagwa kila wiki wakati wa baridi. Moto ukiwa unawaka, weka ndoo na fungua koki iliyo chini yake hadi maji ya rangi ya chai yawe meupe. Moto lazima uzimike wakati unamwaga. Usipozimika, boila hilo lisiwashwe tena mpaka swichi itengenezwe. Maji kujaa ni usumbufu, moto bila maji ni hatari ya nyumba.

Yanapopanda baada ya kufanya kazi

Sasa habari ya pili, ambayo ndiyo inawachanganya hata mafundi waliozoea mifumo ya maji moto. Boila linalotoa BTU (kipimo cha joto) 100,000 kwa saa linageuza mvuke galoni 12 hivi za maji kwa saa. Katika dakika 20 za mwanzo limetoa galoni 4. Kama hayajaanza kurudi, kioo chenye galoni 1 kwa inchi kimeshuka inchi 4, swichi imeona upungufu, fida imeongeza galoni 2 au 3. Moto ukizimika, zile galoni 4 zinateremka zote. Kesho yake hivyo hivyo. Hakuna kilichovuja, hakuna kilichoharibika kwenye fida. Kila kifaa kimefanya kazi yake sawasawa.

Kuthibitisha, hakikisha kwanza swichi ya maji kidogo inazima moto kweli. Kisha funga maji ya fida, kaa nyumbani, na liache boila lifanye mizunguko kadhaa. Weka alama kabla ya kuwasha. Likizimika kwa upungufu wa maji kisha baada ya dakika 30 au 40 kioo kikarudi kwenye alama yako, maji hayapotei, yanachelewa. Yasiporudi, una uvujaji wa mvuke au wa bomba lililozikwa chini ya sakafu, na hilo ni tatizo jingine lenye dawa nyingine.

Yanachelewa wapi? Mara nyingi kwenye bomba la kurudishia linalolala sakafuni au chini ya saruji. Humo maji hukaa daima, na kutu yote ya mfumo hutulia humo kama machicha chini ya chombo. Bomba la inchi 1 na robo linaweza kubakiwa na njia ya upana wa kidole. Fungua plagi kwenye kona za bomba hilo, ingiza mpira wa bustani, lisukume hadi maji meupe yatoke upande wa pili. Plagi zikigoma kabisa, kukata na kuweka bomba jipya ni nafuu kuliko kupigana nazo. Kwa sehemu hii ya maji, shaba inafaa. Kwenye mabomba ya mvuke ya juu, usikubali shaba.

Sababu ya pili ni maji machafu. Boila jipya hutoka na mafuta ya kukatia nyuzi, na mafuta hayo hutengeneza povu. Tazama kioo boila linapochemka. Kucheza kwa nusu inchi hadi inchi 1 ni kawaida. Maji yakiruka juu na chini, au matone yakiteremka ndani ya kioo kutoka juu, boila linatema maji kwenye mabomba ya mvuke. Chota kikombe cha maji yake, chemsha kwenye sufuria kuukuu. Yakifura povu hadi ukingoni, ni machafu. Dawa ni kukwangua uso wa maji: fungua plagi iliyo kwenye usawa wa maji, weka kipande cha bomba na kona ielekee kwenye ndoo, pasha boila hadi karibu na kuchemka bila kuchemka, kisha ongeza maji taratibu ili mkondo wa unene wa penseli utoke. Kazi hii inachukua saa kadhaa na haiharakishwi. Kumwaga maji kutokea chini hakusaidii, kwa kuwa mafuta yanaelea.

Tatu ni presha kubwa kupita inavyohitajika. Kwa kuwa pauni 1 ni inchi 28 za maji, boila linalofanya kazi kwa pauni 5 linaweza kuyazuia maji ya kurudi yasishuke, hasa pale ambapo bomba la kurudishia halina urefu wa kutosha juu ya boila. Nyumba ya kawaida haihitaji zaidi ya pauni 1.5. Kwenye swichi ya Honeywell PA404A, ambayo imejaa besimenti za huko, weka kipimo cha mbele kwenye 0.5 na gurudumu jeupe la ndani kwenye 1. Presha ikipita hapo bila moto kuzimika, kibomba kilichojikunja chini ya swichi kimeziba kwa tope. Zima umeme, kitoe, kisafishe, kijaze maji kidogo, kirudishe.

Nne, boila jipya dogo limefungwa mahali pa lile kubwa la zamani. La zamani lilibeba maji mengi na kuvumilia kuchelewa kwa dakika 30. Jipya halina akiba hiyo. Fida za kidijitali, kama Hydrolevel VXT, zinakuruhusu kuchelewesha kujaza, na zinahesabu galoni. Weka muda mrefu zaidi unaoruhusiwa. Isipotosha, kinachotakiwa ni tangi la akiba lenye pampu inayoongozwa na usawa wa maji ya boila. Hapa kuna mtego: matangi mengine yana pampu inayoongozwa na boya la tangi lenyewe, inasukuma maji boilani kila tangi likijaa bila kujali boila lina nini. Pampu hiyo ikiunganishwa na fida kwenye boila moja, kujaa kupita kiasi hakuepukiki, na kubadilisha fida hata mara tano hakutabadili kitu.

Angalia pia mabomba yaliyo juu ya boila lenyewe. Watengenezaji wengi wanataka bomba kuu la mlalo liwe angalau inchi 24 juu ya usawa wa maji, kwa kipenyo walichokichora. Likifungwa chini ya hapo, au kwa bomba jembamba, mvuke unatoka na maji. Hakuna kifaa cha kutibu hilo zaidi ya kufunga upya.

Ukishatengeneza

Rudisha maji katikati ya kioo, washa, na uache lichemke angalau dakika 15 mfululizo. Maji mapya yana hewa ya oksijeni inayokula chuma, na kuchemka ndiko kunakoitoa. Kwa sababu hiyohiyo, kumwaga maji yaliyozidi kila asubuhi na kuiacha fida iongeze mengine ni tiba inayoua boila: chuma kinalika kwenye usawa wa maji mpaka kinatoboka.

Mabomba yatagonga kidogo siku ya kwanza hadi maji yaliyobaki yateremke. Vipumulio vilivyozama vikague kimoja kimoja: kikiwa baridi, puliza kwa mdomo, hewa ipite bila kizuizi. Kisichopitisha kichemshe kwenye siki dakika 20, na kisipopona kibadilishe. Anza na vile vikubwa vya mwisho wa bomba kuu, kwa kuwa vikiziba hivyo, radieta za mbali hazitapata mvuke hata boila likiwa zima.

Kwa wiki 2, andika usawa wa kioo kila asubuhi kabla ya moto kuwaka, pamoja na galoni za fida kama inahesabu. Mfumo mzima hupungua kidogo tu, inchi 1 hivi kwa wiki au pungufu. Fida ikionyesha galoni 5 kwa wiki na kioo hakijajaa, maji yanatoka mahali fulani. Boila liwashwe hadi liwe na moto mzuri, kisha tazama bomba la moshi nje: mvuke mweupe mzito usioisha unamaanisha chuma cha boila kimetoboka juu ya usawa wa maji.